Jaji alizuia amri ya Trump, mbona kaka yangu bado yuko Nakivale?

SWALI: Maître (wakili), kaka yangu yuko kambi ya Nakivale, Uganda. Alipita intavyuu zote za kwenda Marekani, akakubaliwa, wakamwambia angoje tarehe. Redio ikasema jaji amezuia amri ya Trump. Halafu tukasikia Congo imefungiwa, na wengine wanasema Wamarekani wenyewe wamelegeza msimamo. Tushike lipi? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ndugu wa Kadutu, Congo iliyofungiwa kuingia Marekani Juni 2025 ni ya Brazzaville, siyo yetu ya Kinshasa. Kaka yako amekwamishwa na amri nyingine, ya 20 Januari 2025, iliyosimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi.

Kweli, Februari 2025 jaji wa Seattle aliizuia, na miongoni mwa walioshtaki alikuwemo Mkongomani. Lakini kabla ya Aprili kuisha mahakama ya rufaa ilikuwa imelipunguza zuio hilo, likabaki kwa wachache: waliokuwa wamekubaliwa, wameruhusiwa kusafiri na safari yao imeshapangwa siku ile ya amri. Aliyeambiwa "ngoja tarehe" hayumo.

Tena, hata kesi ikishinda yote, kuna jambo ambalo redio hazilisemi sana. Sheria yao ya 1980 inamwachia Rais kuweka idadi ya wakimbizi kila mwaka, baada ya kushauriana na Bunge. Biden aliweka 125,000 kwa mwaka wao wa bajeti wa 2025. Trump, kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025, aliweka 7,500, kipaumbele kikiwa kwa Waafrikana, yaani Wazungu wa Afrika Kusini wanaosema Kiafrikana. Mwaka wa 2024 Wakongomani peke yetu tulipokewa karibu 20,000! Jaji anaweza kumwambia Rais asivunje sheria. Kumwongezea namba ni vigumu mno.

Kuhusu raia wa Marekani, ni kweli wamebadilika. Gallup, kampuni yao ya kupima maoni ya watu, mwaka 2024 iliona asilimia 55 wanataka wahamiaji wapunguzwe. Juni 2025 walibaki 30. Ila maoni hayo hupitia masanduku ya kura, na kura ni safari ndefu.

Kwa sasa kaka yako asiuze kitu. Anayetaka pesa "kusukuma dosie" ni mwizi, huduma za HCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) hazilipiwi. Namba ya simu aliyoiandikisha HCR iwe inapatikana, na vipimo vya hospitali ajue vinaisha muda. Nitumie nakala ya barua yake ya kukubaliwa, nione ina tarehe gani.