Meli kuwasubiri waliochelewa kisiwani

Je, meli ya kitalii huwasubiri abiria walioshuka kutembea kisiwani wakichelewa kurudi? Husubiri kama matembezi ya kisiwani umeyalipia kwa meli yenyewe; ikishindikana, kwa kawaida wenye meli ndio hukufikisha bandari inayofuata. Kiongozi wa msafara huwa anawasiliana na meli, kwa hiyo wanajua mko wapi. Ukienda na teksi au boti uliyojitafutia, saa ikifika wanang'oa nanga, na nauli ya kuifuata meli ni juu yako.

Shika saa ya mwisho ya kupanda, siyo ya kuondoka. Mara nyingi hutangulia kwa nusu saa hivi. Na jamani, simu! Ikinasa mtandao wa kisiwani hujibadilisha saa yenyewe, ilhali meli inaweza kubaki na saa yake. Meli ikiwa imetia nanga mbali na gati, hesabu na foleni ya boti za kurudi.