Kuni Nyingi, Joto Haba: Jiko la Asali ya Tembo

SWALI

Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa, na kwa muda wa miezi minne sasa nimekuwa nikipika asali ya tembo, yaani maji matamu yanayogemwa mnazini na kuchemshwa mpaka yakawa mazito, nyuma ya nyumba yangu. Binamu yangu anayeishi Vermont, Marekani, alinitumia picha za jiko alilojitengenezea kwa pipa la mafuta ili kuchemshia maji ya mti uitwao mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Nami nikamwendea fundi wa jua kali, akalilaza pipa la lita 200, akalikata juu pakae trei ya chuma kisichoshika kutu, akafungua mlango mbele, na nyuma akaweka bomba la moshi la urefu wa mita moja. Tatizo ni moto. Natumia kuni za mwembe na makumbi, na pipa nalijaza mpaka mlangoni, lakini moshi hunirudia usoni, trei huchemka upande mmoja tu, chini yake hujaa masizi, na makaa hurundikana hata kuni mpya zikakosa pa kukaa. Lita 20 za tembo hunichukua saa saba, na lile linalosubiri ndooni huwa limekwisha kuchacha. Nilipoleta feni kupuliza, majivu yaliruka yakaingia ndani ya asali. Je, niongeze kuni, au nilivunje jiko nianze upya?

Msomaji, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu msomaji. Usilivunje jiko, wala usiongeze kuni. Kwa maelezo yako, kuni unazotia tayari zimezidi hewa inayozifikia, na kila gogo unaloongeza huuzima moto badala ya kuukoza.

Tuanze na masizi, kwa kuwa ndiyo yanayosema kweli zaidi. Kuni ikipata joto hutoa kwanza unyevu wake, kisha hutoa gesi, na gesi hizo zinapoungua ndipo tunapoona ndimi za moto. Kinachosalia ni makaa. Gesi hizo huhitaji hewa, nafasi, na joto linalokaribia nyuzi 600 ili ziungue barabara. Trei yenye tembo linalochemka, ijapokuwa yatosha kukubabua mkono, mbele ya moto ni kitu baridi, kwa maana haipandi mbali na nyuzi 100. Hivyo ndimi zikiigusa kabla hazijamaliza kazi yake, hupoa papo hapo zikawa moshi na masizi. Kwa maneno mengine, ule weusi unaoukwangua chini ya trei kila jioni ni kuni ulizozinunua zikakupita bila kuungua. Tena masizi hayo huizuia trei kupokea joto, kwa hiyo hasara huwa mara mbili. Pipa lililoshindiliwa kuni mpaka juu haliwezi kufanya vinginevyo.

Dawa ya kwanza, na kama mfuko hauruhusu zaidi basi hiyo peke yake, ni kuziinua kuni kutoka sakafuni. Nunua nondo za milimita 12, umwambie fundi wa kuchomea azipange kama chanja, kila moja ikiachana na mwenziwe kwa sentimita moja au moja na nusu, na chanja hicho kikae sentimita 12 hivi juu ya sakafu ya pipa. Hewa sasa itaingia kwa chini, ipite katikati ya makaa, na makaa yanayokusumbua kwa kurundikana yataungua, kwa sababu makaa hayali hewa ya juu. Huitaka ya kutoka chini. Baina ya chanja na trei pabaki sentimita 25 au 30, na kuni zisipite nusu ya nafasi hiyo. Mlango wa kutilia kuni ufungwe wakati wote isipokuwa unapotia, na chini yake lipasuliwe tundu la hewa lenye kifuniko cha kusogeza, ili uweze kulipanua na kulifinya. Mlango ulio wazi huingiza hewa baridi juu ya moto, hewa ambayo haichomi chochote bali hupita chini ya trei ikiipoza na kutokea bombani.

Upande mmoja wa trei kuchemka nao una sababu yake. Moto umewekwa mbele, na nyuma kuna shimo tupu ambamo ndimi hulala chini na kupita mbali na trei. Wapishi wa asali ya mepo hulijaza sehemu hiyo ya nyuma kwa mteremko unaopanda, ili ndimi zilazimike kutambaa karibu na trei mpaka mwisho, kukiwa na nafasi ya sentimita tano hadi nane tu. Nawe ufanye vivyo hivyo: ujenge kizingiti cha matofali ya kuchoma mwisho wa chanja, halafu nyuma yake ujaze udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Nakuomba sana usitumie mawe ya matumbawe, ingawa Kisauni yamejaa kila ua. Mawe hayo ndiyo wazee wetu waliyoyachoma katika matanuri kupata chokaa ya kujengea Mji wa Kale, na ndani ya jiko lako yatafanya kazi yake ile ile: yatapasuka, yatakuwa unga, na siku mvua itakapoyanyeshea yatafoka. Matofali ya saruji nayo hupasuka kwa mvuke. Ukiwa na udongo wa ziada, zikandike kuta za pipa kwa ndani, kwani bati tupu hulitoa joto nje na kukuchoma wewe badala ya kulichoma tembo.

Bomba la mita moja ni fupi. Kinachovuta hewa ndani ya jiko ni ule wepesi wa moshi moto uliosimama bombani, na kadiri nguzo hiyo ya moshi inavyorefuka ndivyo mvuto unavyozidi. Kanuni ya wapishi wa mepo ni kwamba bomba liwe mara mbili ya urefu wa trei. Kwa pipa lako, ambalo halifiki mita moja, mita mbili zatosha, upana wa sentimita 15. Tia kifuniko cha kuzungusha ndani yake, kwa kuwa mvuto ukizidi ndimi zitatokea juu ya bomba, na hapo utakuwa unawapashia joto kunguru. Mabati yaliyopakwa zinki yasikaribie moto wala tembo: yakiungua hutoa mafusho mabaya ya kuvuta. Jambo jingine ambalo hukulitaja, nami siwezi kulinyamazia: ikiwa jirani yako ameezeka makuti, weka wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba na uliondoe jiko mbali na paa hilo, kwa maana cheche moja ya kifuu yatosha kumhamisha mtu.

Nalo jiko lako linaelekea wapi? Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini-mashariki, na wakati wa kusi huja kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Tundu la hewa likiukabili upepo unaovuma, moto hupata msaada wa bure. Likiupa mgongo, moshi hurudi mlangoni hata bomba likiwa refu. Kama jiko ni zito kuligeuza, simamisha bati pembeni lielekeze upepo.

Sasa kuni. Mti uliokatwa mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, ndani ya jiko lako, kwa joto lako, kabla ya tone moja la tembo kupungua. Mwembe si mbaya ukikauka. Ila ukiletwa kwa mkokoteni juzi na kutiwa motoni leo, unachemsha sufuria mbili na kula asali ya moja. Mvinje uliokauka huwaka kwa joto kali na wapatikana kwa urahisi katika pwani yetu, kwa sababu wakulima wengi huupanda kwa ajili ya nguzo. Vifuu ni moto wa ghafla, vizuri sana kwa kuamshia mchemko, lakini havidumu. Makumbi yenye unyevu hufuka tu. Yaanike mpaka yavunjike kwa mkono, au uyaache. Mikoko tuiachie samaki na kaa. Kuni zako zipasue ziwe nene kama kifundo cha mkono, si zaidi, uzipange chini ya paa lenye upepo kwa miezi kadhaa, kwa kuwa hewa ya Mombasa ina unyevu na haikaushi kwa haraka. Na badala ya kuzishindilia kila saa, tia vipande vitatu au vinne kila baada ya dakika saba hadi kumi. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini mchemko usiokatika ndio unaopunguza maji. Moto unaopanda na kushuka hupoteza muda mwingi katika kurudisha joto ulilokuwa nalo.

Feni sikukatazi. Kosa lako lilikuwa kuipulizia juu ya kuni. Ielekeze kwenye tundu la chini, chini ya chanja, kwa mwendo mdogo, baada ya mlango kufungwa, na majivu yatabaki mahali pake.

Hesabu kidogo itakuonyesha unachoweza kutarajia. Tembo jipya huwa na sukari kati ya asilimia 12 na 16, na asali iliyokamilika huwa na asilimia 66 hivi, kwa hiyo lita zako 20 zitatoa lita tatu na kitu, na kilo 16 au 17 za maji lazima ziondoke kwa mvuke. Kulichemsha si kazi kubwa. Kuligeuza kuwa mvuke ndiko kunakokula kuni, kwani lita ya maji yanayochemka hutaka joto linalozidi mara saba lile lililoitoa kwenye nyuzi 30 hadi kwenye mchemko. Kama joto lote la kuni kavu lingeingia kwenye trei, kilo tatu tu zingetosha. Mafiga matatu ya wazi hupeleka kwenye chungu kama sehemu moja katika kumi ya joto, na jiko lako la sasa huenda halijapita hapo. Ukifikisha robo, utatumia kilo 11 au 12. Ndiyo maana hujambo kuliko binamu yako: maji ya mepo yana sukari ya asilimia mbili tu, naye huchemsha lita 40 apate lita moja. Na ndiyo maana pia umchunge mgema wako. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walisahau kutaja kwamba atakayeyatoa maji hayo kwa kuni ni mpishi.

Lakini binamu yako ana jambo moja usilokuwa nalo wewe, nalo ni baridi. Yeye hukusanya maji yake mwishoni mwa majira ya baridi, usiku wa barafu na mchana wa jua dogo, yakakaa ndooni siku nzima bila kuharibika. Tembo lako katika joto la Kisauni huanza kuchacha saa chache baada ya kugemwa, na lililokwisha kuchacha halina tena sukari uliyolipia. Mitungi ya mgema ioshwe kwa maji ya moto kila siku, tembo lichujwe likifika, na liwekwe motoni mara moja. Usingoje la jioni likutane na la asubuhi. Anza na kina cha sentimita nne au tano kwenye trei, uongeze kidogo kidogo kwa tembo lililopashwa moto pembeni ili mchemko usikatike.

Linapobaki kama robo, liondoe kwenye jiko hilo. Moto mzuri wa pipa ni mkali mno kwa asali inayokaribia kuiva, nayo huungua kwa kufumba na kufumbua. Mimina katika sufuria, umalizie juu ya gesi au makaa machache, ukitazama kipimajoto: sisi tulio usawa wa bahari tunaipata asali kwenye nyuzi 104, nyuzi nne juu ya mchemko wa maji.

SWALI

Mhariri, mimi ni mama wa Likoni. Asali yangu ya tembo hukolea vizuri lakini hunukia moshi, na wateja hulalamika. Je, nitie iliki?

JIBU

Bi, iliki ni tamu, lakini haitauondoa moshi. Itaufanya mteja ajiulize unaficha nini. Sufuria iliyo wazi juu ya mafiga hupokea kila moshi unaopita juu yake. Soma majibu ya ndugu yako wa Kisauni kuhusu kuni kavu, kisha uyakinge mafiga yako kwa ukuta wa udongo pande tatu, ukingo wake ukigusa ubavu wa sufuria, na moshi uutolee nyuma kwa bomba. Ikiwa kujenga hakuwezekani wiki hii, chemsha kwa makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, ukiwa nje au mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa.