Jibu: Kituo cha jamii kitanisaidia nini?

Dada, umeuliza kama kituo cha jamii, yaani mahali pa kuwasaidia wakazi wa mtaa kwa mambo kama ajira, watoto na wazee, kitakufaa, wewe unayetafuta kazi huku una mtoto wa shule na mama mzee nyumbani. Kitakufaa sana, ila eleza hali yako yote kwa pamoja, maana anayeshughulikia ajira huenda hajui ya wazee. Anza na mtoto: uliza huduma ya watoto ya kituo hufungwa saa ngapi. Ukiitwa kwenye usaili saa kumi na mtoto anatakiwa kuchukuliwa saa tisa, umekwama. Wala usione haya. Hull House, kituo cha jamii cha Chicago, Marekani, kilichofunguliwa 1889, kilikuwa kikilea watoto wa akina mama wafanyakazi. Wasifu wako wa kuombea kazi, wahudumu wa kituo waupitie nawe mstari kwa mstari. Mama naye aende kituoni, azungumze na wazee wenzake. Beba vitambulisho vyenu vyote.