Barua kwa mwanangu: Marangu kwanza, Tanga baadaye

Pasua, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kuna haja gani ya safari ya majaribio ya siku tatu, ilhali wewe na mumeo mmekwisha kuizoea hiyo baiskeli ya watu wawili hapa mjini, na safari ya Tanga mnataka kuianza mwezi wa saba. Haja ipo, tena kubwa. Mliyoizoea ni baiskeli tupu. Ikishabebeshwa mizigo hugeuka kabisa, na kasoro zake nyingi hazijionyeshi siku ya kwanza. Huanza siku ya pili, spoku zikishalegea na makalio yakishachubuka. Heri zijitokeze Himo, ambako gari la kurudi nyumbani halikosekani, kuliko katikati ya Same na Mombo.

Kwa hiyo msipunguze kitu. Pakieni hema, jiko, maji na vipuri vilevile kama siku ya Tanga. Watu wengi hukwama hapa, maana wasafiri ni wawili lakini nafasi ni ya baiskeli moja: mifuko minne ya pembeni, basi. Pimeni kwa mizani, jumla isizidi kilo 25. Nyinyi wawili mkiwa na kilo kama 140 na baiskeli 20, hapo tayari ni kilo 185 juu ya magurudumu mawili. Vizito viende mifuko ya mbele, chini kabisa. Nguo na hema viende nyuma. Mkilundika kila kitu kwenye keria ya nyuma, mkia utayumba na usukani utatetemeka mkiteremka kwa kasi. Ukianza kutetemeka, wa mbele asiung'ang'anie. Alibane bomba la juu la fremu kwa magoti, apunguze mwendo polepole. Mkisimama, kagueni beringi za usukani na bolti za keria.

Njia ninayowapendekezea ni hii: siku ya kwanza Moshi hadi Mwanga kupitia Himo, kilomita kama 50. Siku ya pili mrudi Himo na kupanda Marangu. Siku ya tatu mteremke, mrudi nyumbani. Hapo mtapata tambarare yenye upepo na jua, mlima, na mteremko mrefu, bila kuwa mbali na msaada.

Kabla ya kutoka, gurudumu la nyuma. Liwe na spoku 36, na 40 ni bora zaidi. Usidhani spoku hukatwa na uzito peke yake. Ikiwa imelegea, kila mzunguko inaachia na kukaza, inaachia na kukaza, mpaka chuma kinachoka na kukatikia pale inapojikunja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), mara nyingi upande wa friwili (meno ya nyuma). Zibane mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote, upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Iliyo laini kuliko jirani zake ndiyo itakayowalaza njiani. Ikaze robo mzunguko, uangalie kama ringi imepinda. Rudieni kazi hiyo Mwanga asubuhi, kabla ya chai. Spoku za akiba ziwe za urefu wa gurudumu la mbele na za kila upande wa lile la nyuma, na mbebe kifaa cha kufungulia friwili, maana bila hicho spoku ya upande huo haiingii.

Tairi, someni namba ndogo zilizoandikwa ubavuni. Ringi yenu ikiwa 622, yaani kipenyo chake kwa milimita, msidanganyike na tairi za inchi 28 za zile baiskeli nyeusi za mizigo. Nyingi ni 635, zimezidi kipenyo kwa milimita 13, zitapwaya na kuchomoka. Bebeni moja ya kukunja. Wenye ringi za 559, yaani inchi 26 za baiskeli za milimani, hawana shida hiyo. Kwa tairi ya upana wa milimita 40 anzeni na upepo wa psi 65, na msivuke kiwango kilichoandikwa. Mkipumzika msiiburute baiskeli kwenye majani ya kando ya lami, hasa kuelekea Mwanga; mbigili zimejaa. Tyubu tatu na viraka vinatosha.

Cheni ya kushoto, ile inayounganisha pedali zenu, watu huisahau mpaka itoke. Ibonyeze katikati kwa kidole: icheze kama sentimita 1. Zungusha pedali pole pole huku ukiendelea kupima, maana meno hayako duara kamili na kuna mahali itakaza zaidi. Rekebisha kwa kufuata hapo. Ikilegea sana itaruka mkipiga shimo. Ikikaza mno italia na kula beringi.

Sasa namna ya kuondoka na mizigo, maana wengi huangukia hapa kwenye mwendo sifuri. Wa mbele asimame juu ya fremu, miguu aipanue ili pedali zisimgonge mundi, ashike breki zote mbili. Wa nyuma apande, aweke miguu yote miwili, kisha azirudishe pedali nyuma mpaka ile ya wa mbele ifike juu kidogo mbele yake. Aseme "tayari". Wa mbele aseme "haya", aachie breki, wakanyage pamoja. Mkisimama, wa mbele peke yake ndiye anayeshusha mguu.

Wa nyuma haoni barabara, kwa hiyo wa mbele asinyamaze: "tuta", "shimo", "gia", "breki". Akitaka kubadili gia aseme, wote wapunguze nguvu kidogo, ndipo abadili. Kubadili huku mmekandamiza kupanda Marangu ndiko kunakokata cheni. Kwa mlima ule mtahitaji meno kama 24 mbele na 34 nyuma. Tena kila nusu saa mseme "simama", muinuke wote kwenye viti kwa mizunguko michache. Kwenye baiskeli ya mtu mmoja mtu huinuka bila kufikiri. Hapa msipopatana hakuna atakayeinuka, na siku ya pili hamtakalika.

Mteremko wa Marangu ndio mtihani wenyewe. Msiishikilie breki mfululizo. Shikeni kwa nguvu, mwendo ukipungua mwachie, mkibadilishana ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma hushika vizuri kuliko mlivyozoea, kwa sababu ya uzito wa aliye nyuma. Breki za ringi zikichemka, tyubu inaweza kupasuka. Za diski zinazotumia mafuta zikichemka, mkono unazama bila kushika kitu. Simameni katikati ya mteremko, mdondoshe tone moja la maji kwenye diski. Likichemka na kukauka papo hapo, ngojeni. Msimwagie maji mengi, itapinda. Julai huko juu kuna baridi na manyunyu, na breki zikilowa huchelewa kushika mwanzoni, kwa hiyo anzeni kushika mapema kabla ya kona.

Mkirudi nyumbani, toeni kila ambacho hakikuguswa, isipokuwa vipuri na dawa. Angalieni pedi za breki zimeliwa kiasi gani kwa mteremko mmoja tu, mjue mtabeba ngapi. Na kama spoku imekatika hata moja, msiibadilishe hiyo peke yake mkaondoka. Mpelekeeni fundi gurudumu zima alilegeze na kulikaza upya, halafu mrudie Marangu na mizigo ileile kabla ya kukata safari ya Tanga.

Mama yako