Chumba cha injini cha Mustang ya 1966: nyekundu au nyeusi?
Kaka, umeuliza kama Mustang yako nyekundu ya 1966 ipigwe nyekundu hadi ndani ya boneti. Hapana. Kiwandani zilitoka na chumba cha injini cheusi kisichong'aa sana, bodi iwe rangi yoyote. Injini yenyewe ndiyo ya bluu. Ile V8 ya 289 (injini ya silinda nane, ujazo wa inchi za ujazo 289) ya mwaka 1965 ilikuwa nyeusi yenye vifuniko vya valvu vya dhahabu, kwa hiyo usichanganye miaka.

Kazi kubwa si kupuliza, ni kusafisha. Wengi huosha kwa mafuta ya taa, halafu wanashangaa rangi mpya inaacha vijishimo vya duara. Mafuta ya taa huacha utando! Maliza kwa sabuni na maji moto, kausha, kisha futa na thina mpaka kitambaa kitoke safi.

Usisahau kung'oa kitako cha betri, mbele kulia. Hapo ndipo asidi hula bati. Mwagia magadi soda iliyoyeyushwa majini hadi povu liishe, suuza, halafu chokonoa kwa bisibisi. Ikizama, ni pa kukata na kuchomelea, si pa kuziba na puti. Bati likishabaki tupu, piga praima ya epoksi (rangi ya msingi inayozuia kutu) siku hiyohiyo.

Upande wa kushoto msasa uende polepole: namba ya chesisi imegongwa kwenye bati la ndani la fenda. Ukiisaga, siku ya kuuza utajieleza sana.