Betri imekufa, mashine bado nzima, na waranti je?

SWALI: Shikamoo mhariri, mimi nina mashine ya kukatia nyasi ya betri, volti 18, sasa ina miaka miwili na miezi mitatu, mashine yenyewe haina shida inazunguka vizuri tu ila betri nikiichaji inajaa harakaharaka alafu nikikata dakika tano sita inazima. Kwenye boksi wameandika waranti miaka mitatu, nimerudi dukani wananiambia betri haimo. Ni kweli au wananizungusha?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Inauma lakini huenda hawakuzungushi. Chukua kile kikaratasi cha waranti usome mpaka yale maandishi madogo ya chini, mara nyingi mashine ina muda wake na betri ina muda wake, na wa betri ndo mfupi. Ile miaka iliyoandikwa kubwa kwenye boksi ni ya mashine. Mimi hili nalipigia kelele kila siku, manake mtu ananunua kwa kuangalia boksi wakati kitu kitakachomfia kwanza ni betri, na betri mpya saa nyingine inakaribia bei ya mashine nzima.

Sasa hiyo yako. Ndani ya betri ya volti 18 kuna seli tano, yaani vibetri vidogo, zimeungwa mfululizo, kila moja volti 3.6 (zile kubwa zinakuwa na kumi au kumi na tano, wanaziweka mbilimbili au tatutatu). Seli moja ikichoka, wakati wa kuchaji yenyewe inajaa kabla ya wenzake na saketi (ule ubao wa umeme unaoilinda betri) inakata chaji, ukikata nyasi inaisha kabla ya wenzake na saketi inazima mashine. Kujaa haraka na kuisha haraka, mara nyingi ndo dalili yake hiyo. Ila usiifungue! Ukishaifungua waranti imekwenda, na betri hizi ni za lithiamu, ikipiga shoti inawaka moto mkononi.

Na kwa nini imechoka mapema? Betri hizi zinahimili mizunguko ya chaji (kujaza mpaka kuisha ni mzunguko mmoja) kama 300 mpaka 500 au zaidi kabla hazijashuka sana, mtu anayekata nyasi mara moja kwa wiki miaka miwili hafikishi hiyo. Mimi namshuku joto. Nasema hivyo sababu nimeua ya kwangu hivyohivyo, nilikuwa nakata ua, namaliza, natoa betri ya moto kabisa kiganja hakikai, naipachika kwenye chaja hapohapo, taa nyekundu inapepesa mimi naichomoa naipachika tena nikidhani haijakaa vizuri. Kumbe chaja ilikuwa inaniambia subiri ipoe. Siku hizi naiacha kivulini nusu saa ndo nachaji. Alafu angalia na kisu, kisu butu kinafanya mota ivute umeme mwingi na betri inachemka hata kama nyasi ni fupi.

SWALI: Kaka mhariri, mashine yangu ya kufyekea ya kamba ya nailoni imeunguza mota miezi minane tu, nimepeleka wakaniambia waranti imefutika kwa sababu nilitoa kava la plastiki. Kava na mota vinahusiana nini?

JIBU: Vinahusiana sana dada yangu, najua hakuna aliyekuambia. Chini ya lile kava kuna kijiwembe kidogo, kazi yake ni kukata kamba ikizidi urefu. Ukitoa kava kamba inarefuka, mota inazungusha mzigo ambao haikutengenezewa, inachemka mpaka inaungua, bado mawe yanayoruka miguuni. Fundi akiona matundu ya skrubu hayana kava ameshapata jibu lake. Hapo sikupi matumaini ya uongo, ila omba wakuandikie sababu kwa maandishi, na uliza bei ya mota peke yake kabla hujatupa mashine, betri na chaja si bado nzima. Wewe mwingine unayesoma, kama unakatia watu nyasi kwa pesa angalia pia kipengele cha matumizi ya biashara, waranti ya nyumbani mara nyingi haikuhusu au inapunguzwa mno.

Na risiti jamani! Nilishawahi kupeleka mashine ina miezi 14 tu, natoa risiti, karatasi nyeupeee, wino umefutika wote, wakagoma. Zile karatasi za mashine za risiti zinafifia kwa joto. Piga picha siku hiyohiyo uliyonunua, risiti pamoja na namba ya siriali ya mashine na ya betri, alafu jisajili kwa mtengenezaji mapema, wengine wanakupa siku 30 tu na ukijisajili wanakuongezea muda.

SWALI: Betri nisiyoitumia miezi kadhaa niihifadhi imejaa au tupu?

JIBU: Nusu. Kama ina taa nne ziwake mbili, itoe kwenye mashine, iweke pakavu na pasipo joto. Ikikaa imejaa inazeeka, ikikaa tupu inazidi kushuka kidogokidogo mpaka chaja inaikataa kabisa. Kila baada ya miezi miwili bonyeza kile kitufe uangalie, ikibaki taa moja iongezee.