Mchango wa mtoto mwenye kisukari umepoa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, mwaka jana alilazwa hali mbaya sana wakatuambia ni kisukari aina ya kwanza. Nikafungua grupu la WhatsApp, ndugu na watu niliosoma nao wakachanga fasta mpaka akatoka hospitali. Sasa mahitaji bado yapo kila mwezi lakini nikiposti namba watu kimya, wengine wanalefti, juzi mmoja kaniuliza mbona huyu mtoto haponi. Kuna rafiki ananishauri nifungue ukurasa Facebook niweke picha zake za wodini, eti hela itakuja. Nifanye hivyo?
Mjomba, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, Mungu amtunze huyo mtoto.

Picha za wodini usiweke, nakuomba. Ana miaka tisa sasa hivi, kesho kutwa yuko sekondari na hiyo picha bado inazunguka kwenye simu za wenzake. Stori yake unaweza kuieleza vizuri tu bila sura wala jina la shule, na mama yake akubali kwanza kila neno unaloposti.

Hao wa kwenye grupu usiwanunie, hawajawa wabaya. Sisi tumezoea michango yenye mwisho, harusi ikipita imepita, msiba ukiisha tunavunja kamati, na wewe uliwaomba hivyo hivyo, mtoto atoke hospitali, akatoka. Hakuna aliyewaambia kwamba kongosho lake halitengenezi insulini tena, kwamba atachoma sindano kila siku maisha yake yote na akiikosa hata siku chache tu anaweza kufa. Huyo aliyeuliza mbona haponi mjibu pale pale kwenye grupu, taratibu, maana kauliza ambacho wenzake wote wanawaza.

Halafu badilisha unavyoomba. Mwaka 2013 kuna wanablogu wenye kisukari, wengi wao Marekani, walianzisha kampeni inaitwa Spare a Rose, Save a Child. Siku ya wapendanao watu wa huko wananunua waridi dazeni nzima, wao wakasema nunua 11, hela ya lile moja, kama dola 5 hivi, mpe mtoto mwenye kisukari kwenye nchi ambayo insulini ni shida kuipata, ua moja ni mwezi mmoja wa uhai, dazeni ni mwaka. Hela ikawa inakwenda Life for a Child, mradi ulioanza mwaka 2000 na ambao umefika hadi kwetu Tanzania. Mimi nilichokipenda pale ni kwamba hakuna mtu aliyeombwa kumaliza tatizo, kila mtu kapewa kipande chake kidogo na anajua kimenunua nini.

Kwa hiyo kabla hujaposti tena nenda kliniki, uliza kwenye hospitali ya mkoa kliniki ya kisukari ya watoto iko siku gani. Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikishirikiana na miradi kama Life for a Child na Changing Diabetes in Children, watoto wengi wanapata insulini bure kupitia huko, na ningeumia sana kusikia mnachangisha hela ya kitu ambacho mtoto angepewa. Kinachobaki ndicho ukiombee mchango: nauli ya kliniki, sindano zikipungua, na zile stripu za kupimia sukari ambazo zinaisha haraka kuliko chochote. Stripu uwe makini nazo, kila mashine ina za kwake, za kampuni nyingine haziingii au haisomi, kwa hiyo piga picha boksi lenyewe, iposti picha hiyo pamoja na bei ya duka la dawa la hapo kwenu, useme boksi hili ndilo la mwezi huu, nani anachukua nusu? Watu kumi wa elfu tano tano kila mwezi ni bora kuliko laki tano ya siku moja halafu kimya mwaka mzima.

Hela isikae kwenye laini yako peke yako hata kama wanakuamini. Fungueni M-Koba, ile akaunti ya kikundi kwenye simu, kule hela haitoki bila wenzako kuidhinisha, na ukinunua tu weka risiti kwenye grupu siku hiyo hiyo.

Insulini yenyewe usiipokee mkononi kwa mtu usiyemjua, eti imebaki ya marehemu mzee wake. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wewe utajuaje kilikaa wapi? Na ujiandae, ukiposti neno kisukari tu inboksi itajaa watu wa mizizi na unga wa kuponya moja kwa moja. Wabloki. Mwambie na dada yako, kwa herufi kubwa kabisa, ASISIMAMISHE SINDANO kwa maneno ya mtu yeyote.

SWALI: Anti, mimi niko Columbus, Ohio, nataka kumfungulia mchango kwenye mtandao wa GoFundMe binamu yangu wa Mombasa mwenye kisukari, inawezekana?

JIBU: Yeye kule Kenya hawezi kufungua akatoa hela, wewe unaweza kwa jina lako na akaunti yako ya huko, ila andika wazi yeye ni nani kwako na hela itamfikiaje. Angalia makato, ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango, kwenye dola 5 inaondoka karibu senti 45. Kama wachangiaji ni wale wale ndugu wa kila mwezi kusanyeni mkononi umtumie kwa mkupuo mmoja, GoFundMe ibaki kwa dharura ya kulazwa. Na ndugu walioko Kenya waambie kuna M-Changa, mtandao wa kuchangisha wa huko, wanachangia kwa M-Pesa yao tu.